Siham anarudi kwenye nyumba alizoziacha wazi

Saa tatu asubuhi mvua inanyesha Makandana, mjini Tukuyu, kama ilivyonyesha jana na juzi. Sebuleni kwa Jenifer, simu zote za nyumba zimepangwa mezani, na Siham Faraji anazihesabu kwa kidole.

Simu nne. Kompyuta mpakato moja. Kwenye simu yake mwenyewe Siham amefungua orodha ya vifaa vinavyotumia Wi-Fi ya nyumba hii. Ukiiondoa simu yake, orodha inaonyesha vifaa sita.

“Dada Jenifer, nani mwingine anatumia?”

“Hakuna. Ni mimi, baba yao, na hawa wawili waliokuja likizo.”

Siham anahesabu tena kuanzia mwanzo, midomo ikicheza bila sauti. Halafu anageukia ukutani. “Hebu zima televisheni.”

Televisheni inazimwa. Kifaa cha sita kinatoweka kwenye orodha. Siham anashusha pumzi na kuketi kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa.

“Mdogo wangu, unaniogopesha,” Jenifer anasema huku akicheka.

Siham hacheki.

Ana miaka 31, na kuzaliwa amezaliwa hapahapa Tukuyu. Babu yake alitoka Kilwa akiuza vitambaa, na familia haikuondoka tena. Siham alianza kwa kutengeneza simu, akasoma kozi fupi ya mitandao Mbeya, kisha akageukia kufunga intaneti majumbani. Kwa miaka minne amefunga ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi, kwenye nyumba 62 za wilaya ya Rungwe, kila nyumba ikimlipa shilingi elfu kumi na tano.

“Nilikuwa nafanya haraka,” anasema. “Mteja anataka aone picha zinafunguka. Zikifunguka anafurahi, mimi nachukua changu, naondoka.”

Alichokuwa anakiruka ni kitu kidogo. Ruta ina maneno ya siri mawili. La kwanza ni la kutumia intaneti, na kila mtu analijua. La pili ni la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, kule ambako mtu anaweza kuona vifaa vyote na kubadilisha anachotaka. Hilo la pili Siham alikuwa analiacha kama lilivyotoka kiwandani, na ruta nyingi za aina moja hutoka na neno lilelile.

Machi mwaka jana aliitwa Mpuguso, kwa Bibi Elina, mjane wa miaka 74. Mume wa Bibi Elina alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Mwanawe Obed, anayefanya kazi Dodoma, alitaka nyumba ifungiwe intaneti na kamera ndogo ya sebuleni, ili awe anamwona mama yake na kuzungumza naye.

Wageni wa msiba walikuwa bado wamejaa, na kila mmoja aliomba Wi-Fi. Siham alichoka kutaja neno la siri, akaliandika kwa chaki kwenye mlango wa sebule. Wageni waliondoka, chaki ikafutwa. Neno lenyewe halikubadilishwa.

Miezi miwili baadaye, mchana, Bibi Elina alikuwa sebuleni akichambua maharage. Kamera ikamwita kwa jina.

“Nikasema, ee mwanangu. Nikadhani ni Obed,” anasimulia. “Ikaniuliza, leo uko peke yako? Nikasema niko peke yangu. Ikauliza, ule mlango wa nyuma unafungwa na nini?”

Anakumbatia magoti.

“Komeo la mlango ule alilitia Obed kwa mkono wake. Obed hawezi kuniuliza. Nikasema, ee Kyala! Mungu wangu, huyu ni nani?”

Aliitupia kamera kitenge, akatoka kwenye mvua bila viatu hadi kwa jirani yake, Anyelwisye. Jirani alimpigia Obed. Obed alimpigia Siham.

Siham alifika kwa bodaboda, akaingia kwenye ruta kwa lile neno la kiwandani, likakubali mara moja. Akafungua orodha. Nyumba hiyo ilikuwa na vifaa viwili tu, kamera na simu ya Bibi Elina. Ukiiondoa simu ya Siham, orodha ilionyesha tisa.

“Nikaikagua kamera,” anasema. “Nayo ilikuwa na paswedi ya kiwandani. Mtu aliyepata Wi-Fi siku ya msiba, akisimama tu pale barabarani, anaingia. Anamwona bibi anavyokula, anavyosali. Kwa miezi miwili! Na mlango nilimfungulia mimi.”

Obed akamuuliza kwenye simu, “Siham, hii imetokeaje?”

Angeweza kusema kamera ni mbovu, na Obed asingekuwa na namna ya kubisha. Siham anasema neno hilo lilifika hadi kwenye ulimi. Kisha alimtazama Bibi Elina, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake kama mgeni, akisita kuingia.

“Ni kosa langu, kaka. Sikubadilisha paswedi.”

“Usiguse tena kitu chochote kwa mama yangu,” Obed akasema, akakata simu.

Tukio liliripotiwa ofisi ya kijiji, na majina ya vile vifaa saba yakaandikwa. Aliyezungumza hajajulikana hadi leo. “Anaweza kuwa mtu ninayemsalimia kila siku,” Siham anasema, na anaposema hivyo anatazama nje ya duka lake la ufundi.

Habari zilisambaa Tukuyu nzima. Kwa zaidi ya wiki moja hakuna aliyemwita. Mteja mmoja wa zamani alisimama mbele ya duka na kusema kwa sauti kwamba fundi huyu anawafungulia wezi. Siham akifunga duka alirudi mara mbili, mara tatu, kushika kufuli.

Bibi Elina alihamia kwa Anyelwisye siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alimpigia Siham mwenyewe.

“Njoo utengeneze.”

“Bibi, Obed amekataza.”

“Nyumba ya Obed iko Dodoma. Hii ni yangu.”

Kazi ya siku ile ilichukua karibu saa tatu. Siham aliirudisha ruta ikawa kama mpya, akabadilisha maneno yote mawili ya siri, akalifuta jina la mtandao lililokuwa linataja aina ya ruta, akazima kitufe cha kuunganisha simu bila neno la siri, akaipa ruta masasisho yake, programu mpya inayoziba mianya. Wageni aliwatengea mtandao wao wa pembeni. Neno jipya alilitunga Bibi Elina, maneno manne ya Kinyakyusa, na fundi alitoka nje wakati linaandikwa kwenye karatasi. Kamera ilitolewa sebuleni, ikafungwa barazani ikitazama njia. Obed alibishana na mama yake siku mbili, akakubali.

Kwa nini alimrudia fundi huyohuyo? “Huyu kosa lake nalijua, alilisema mwenyewe,” Bibi Elina anajibu. “Wengine makosa yao siyajui.”

Sebuleni amerudi kukaa. Ila redio ya jirani ikipaza sauti ghafla, bado anashtuka.

Tangu hapo Siham anazirudia nyumba zote 62, bila malipo. Amemaliza 43. Katika nyumba 31 kati ya hizo alilikuta neno la kiwandani palepale alipoliacha. Si wote wanaomfungulia. Mwenye nyumba mmoja wa Ikuti alimwambia kupitia dirisha, “Mara ya kwanza ulituuzia wasiwasi, leo unatugawia bure.” Siham alimwachia maelezo kwenye karatasi, akaondoka. Atarudi.

Zimebaki nyumba 19. Kila simu ya namba ngeni ikiita, anasema, anaogopa kwamba yametokea tena kwenye mojawapo kabla hajafika.

Jumamosi ijayo Bibi Elina amemwombea nafasi kwenye kikao cha akina mama wa kanisa lake, Mpuguso. Watakuwa wengi, na wengi wana watoto mbali waliowafungia intaneti. Siham hajawahi kusimama mbele ya watu. Ameandika atakayosema, akayachana, akaandika upya.

“Nitaanza na jina langu,” anasema. “Halafu nitawaambia nilichokifanya kwa Bibi Elina. Wakibaki wamekaa, nitawaomba watoe simu zao, tuanze kuhesabu.”