Gari la Kipimo cha Dereva

Watu walimwita Bi Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia nguo haikushuka shingoni tangu anaamka mpaka analala. Alishona miaka arobaini, sare za shule kwa wingi na suti za maharusi mara moja moja, na alichojivunia kuliko vyote ni kwamba hakuwahi kumpima mtu mara mbili. Akikupima leo, ukirudi mwakani anakukatia suruali kwa kipimo kile kile. Ukimwambia umenenepa, anakujibu, "Umeshiba tu. Nenda katembee."

Mumewe alikuwa dereva wa malori. Hakumwita mkewe kwa jina hata siku moja, alimwita Fundi, na mke akamwita Dereva. Wakaishi hivyo, wakazaa, wakazeeka, mpaka figo za Dereva zikagoma.

Mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali afungwe kwenye mashine, damu itoke, isafishwe, irudi. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, pumzi inambana. Magari ya kukodi yalimpeleka vizuri mwanzoni. Halafu siku moja mwenye gari akambeba mgongoni ili amshushe haraka, akateleza, wakaanguka wote wawili kwenye tope mbele ya lango la hospitali, watu wanatazama. Dereva aliinuka ana tope mpaka masikioni, akasema neno moja tu.

"Sibebwi tena."

Na hakutania. Juma lililofuata lilikuja gari refu, akashindwa kupanda. Walipotaka kumnyanyua akageuka na fimbo yake, akarudi ndani, akalala. Siku hiyo damu haikusafishwa.

Ndipo Bi Futi akauza kiwanja walichojiwekea kwa ajili ya uzee. Akamwambia binti yao, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akiishi nao, "Tunanunua gari. Dogo, la kwetu wenyewe. Baba yako aingie kwa miguu yake na ashuke kwa miguu yake. Wewe utaendesha, leseni yako isilale bure."

Siku ile ile akamkuta mumewe kaketi ukingoni mwa kitanda.

"Simama nikupime."

"Nipimwe kwa ajili ya nini?"

"Ya gari."

Dereva akacheka mpaka akakohoa. "Gari linachaguliwa kwa injini, Fundi. Halipimwi kama kaptula."

"Injini itakushika kiuno wakati wa kupanda?"

"Nimeendesha lori la magurudumu kumi na nane mimi!"

"Na sasa unayo matatu, miguu miwili na fimbo. Simama."

Akasimama. Akampima kutoka chini mpaka pale makalio yanapogusa kiti: inchi ishirini na mbili. Akampima goti, bega, akamkalisha akampima mpaka utosini. Herufi hakupatana nazo sana, lakini tarakimu zilimtii, akazipanga kwenye daftari lake. Akatoka nje akapima na kichochoro cha kufikia mlango wao, maana gari litakaloachwa barabarani si la mgonjwa. Akapima robota la sare analopeleka kwa wateja kila Ijumaa, kwa kuwa sare hizo ndizo zitakazonunua mafuta. Kisha akafunga daftari. Kwake yeye, kazi ilikuwa imekwisha, bado kukata tu.

Kwenye yadi ya magari dalali aliwapokea kwa meno yote. "Karibu mama, karibu! Hili hapa linanusa mafuta tu, halinywi. Redio yake inaongea na simu."

"Mimi nataka liongee na makalio ya mume wangu," alisema Bi Futi, akafungua mlango, akainama na futi yake. "Kumi na nane. Huku ni shimoni, kumtoa mpaka kamba. Jingine."

Jingine likawa thelathini. "Hili mpe twiga."

"Bibi, unanunua gari au unashona?"

"Ningekuwa nashona ningeshamaliza. Na bibi yako yuko kwenu."

Binti alikuwa kasimama pembeni, kando ya kigari cheupe cha kubebea mizigo, viti viwili mbele, nyuma patupu na sakafu yake bapa. "Mama, njoo uone hiki. Kichochoro kinapita. Sare zinaingia. Na siku Baba akishindwa kukaa, tunatandika godoro hapa."

Bi Futi alimtazama binti yake kama anayetazama mshono uliopinda.

"Baba yako si gunia la viazi."

"Sijasema gunia, Mama. Nimesema siku akishindwa."

"Hashindwi. Nimempima."

Majuma manane yalipita hivyo. Jumamosi hii yadi hii, Jumamosi ile yadi ile. Moja mlango wake ulifunguka nusu, jingine kiti kilifaa lakini dirisha lingemgonga kichwa. Binti akasema tuchukue lolote, tutaweka mto. Mama akasema mto unateleza. Huku nyumbani Dereva aliendelea kukosa siku zake za mashine, mara gari halikuja, mara limekuja akalikataa. Fimbo ikawa haimtoshi, akashika na ukuta. Kisha akawa hafiki ukutani. Bi Futi alimpunguza suruali kiunoni mara tatu, kwa kubana na vidole tu, bila futi, akisema vitambaa vya siku hizi vinalegea. Binti akifungua mdomo, anamwambia, "Amechoka tu. Gari likija utamwona."

Gari likaja. Rangi ya majivu, fupi, paa limeinuka, mlango unafunguka wote. Kiti kilisoma inchi ishirini na mbili barabara, na dalali mwenyewe akapiga makofi, kwa furaha ya kuondokewa. Jumanne asubuhi binti akalipitisha kichochoroni, vioo vya pembeni vimekunjwa, likasimama mbele ya mlango kama limekatiwa hapo.

Walimwongoza Dereva hatua tano, yeye kashika fimbo, wao wamemshika viwiko. Zilichukua muda hatua zile. Akageuka, akakaa. Kiti kilimpokea pale pale kilipopimiwa. Bi Futi akavuta pumzi. Halafu goti likakataa kukunjika. Walipouinua mguu kwa mikono, mgongo ukalegea, Dereva akainama upande, taratibu, bila kujizuia, mpaka shavu lake likalala juu ya gia.

Akasema, mdomo umebanwa na ile gia.

"Kiti kizuri, Fundi. Abiria ndiye mbovu."

Wakamrudisha kitandani. Hawakumuuliza kama amekubali kubebwa, naye hakuwaambia. Miguu ilikuwa imevimba, na pumzi yake ilisikika mpaka chumba cha pili. Akikosa na leo, itakuwa mara ya tatu mfululizo bila mashine.

"Mama," binti alisema barazani, kwa sauti ya chini, "ulimpima lini?"

"Unajua lini."

"Sijui. Nataka uniambie wewe."

Bi Futi alisimama hapo akishika ncha mbili za futi shingoni, kama mtu anayeshika kamba ya ndoo. Kisha akaingia chumbani. Akamvuta mumewe shuka, akalaza futi kutoka utosini mpaka kisiginoni, jinsi alivyolala. Akapitisha futi mabegani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpima mtu tena, na namba aliyoiona ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nimepungua kiasi gani?" Dereva aliuliza.

"Kidogo."

"Fundi."

"Nimesema kidogo. Nyamaza."

Alitoka, akaenda kwenye gari, akapima kutoka dashibodi mpaka mlango wa buti. Akamwambia binti, bila kumtazama, "Hiki kiti cha mbele kinatoka vipi?"

Binti hakujua. Aliyejua alikuwa kitandani. Wakafungua dirisha la chumba lililotazama gari, na Dereva, kichwa juu ya mito miwili, akawaelekeza. "Boliti nne. Mbili mbele mtaziona. Za nyuma zinakaa chini ya zulia. Spana ya kumi na nne. Sio hivyo, mwanangu, unafunga! Zungusha huku, kama unavyofungua kifuniko cha chupa... Fundi, kaa pembeni, unakinga mwanga."

Kiti kikatoka. Wakakibwaga barazani, kikalala chali. Wakakunja na cha nyuma yake, wakatandika godoro kutoka dashibodi mpaka buti. Mama na binti wakamshika Dereva, mmoja mabegani, mmoja magotini, wakamwingiza kichwa kikitangulia kupitia buti. Bi Futi akajibana kwenye kiti cha nyuma kilichobaki, mkono wake kifuani kwa mumewe.

Gari likatoka kichochoroni. Dereva alitazama juu muda mrefu.

"Miaka thelathini na sita barabarani," alisema, "sijawahi kutazama dari."

Mbele kidogo akasikiliza injini. "Inalia. Ingiza ya tatu." Binti akaingiza. "Hapo sawa. Usikanyage breki kwenye kona." Binti akaacha breki. Walipofika barabara kubwa hakuelekeza tena, na binti akawa anabadilisha gia huku akingoja sauti. Bi Futi aliacha mkono pale pale kifuani, kiganja kinapanda, kinashuka.

Langoni wahudumu wawili wa hospitali walikuja na machela. Mmoja akafungua buti, akaona miguu, akauliza, "Mzee, tukubebe?"

Dereva alifumba macho, akanyoosha mikono yote miwili ili washike.

Bi Futi alishuka kabla hawajamnyanyua. Akatangulia ukumbini kwa haraka, akifungua milango ambayo ilikuwa wazi tayari, ili mumewe asije akajua kwamba alimwona akinyoosha mikono.