Bata Mzinga Asiyeogopa Watu

Juzi, kwenye kaunta ya halmashauri hapa Sydney, mzee mmoja Mrundi alinivuta mkono. "Mwanangu, nitafsirie. Nataka leseni ya kuwinda bata mzinga wa porini. Anafukua maharage yangu kila asubuhi." Mkononi alikuwa na kamba ya mtego, tayari ina kitanzi.

Binti wa kaunta akatikisa kichwa. Ndege huyo analindwa na sheria; ukimtega, unashtakiwa.

Mzee akakunja uso. "Muulize, ni wa nani?"

Nikauliza. "Si wa mtu," binti akajibu.

"Wa serikali?"

"Si wa yeyote."

Mzee akaninong'oneza huku akimkodolea binti macho: "Nimekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi. Ukiona nyama nono inapita mlangoni pako bila kuogopa, jua kuna aliyeituma." Akafungua kitanzi polepole, akaitia kamba mfukoni, akaondoka kinyumenyume.

Nilimcheka njia nzima. Leo asubuhi bata mzinga kama huyo alisimama dirishani kwangu, akachungulia sufuria, kisha akanitazama mimi. Sijui katumwa na nani, lakini shikamoo yake nimempa.