Safari ya Misheni Wakati wa Giza la Mwezi

Kitu cha kwanza nilichokiona inje ya inchi yetu kilikuwa mbwa amelala katikati ya barabara. Alikuwa na rangi ileile ya mbwa wa jirani yetu wa Rugenge, kule Uvira, na alikataa kuondoka mbele ya kamio yetu, lori lililotubeba, kama yule wa kwetu anavyokataa. Niliona haya kidogo, kwa sababu tangu safari ilipotangazwa kanisani nilikuwa naota Burundi kama inchi ambayo hata mbwa wake hawafanani na wetu.

Zamani kidogo tu hatukuwa tukisema "inje ya inchi." Watu wa Uvira walivuka mto Ruzizi kuuza samaki Usumbura, upande wa Burundi, wakarudi, basi. Halafu tukapata uhuru, nao Warundi wakapata wao, na kuvuka mto kukawa kazi ya karatasi yenye muhuri. Ndiyo maana sisi wa korali tulilisema neno hilo kwa majivuno makubwa. Tunaenda misheni, inje ya inchi. Hata kwenda kununua chumvi ulikuta mtu amelichomeka.

Mimi sikuchukuliwa kwa sababu ya kuimba vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari ili niwe mwalimu wa watoto wadogo, na shida yangu ilijulikana na kila mtu: nikiwa mbele ya watu, sauti haitoki. Sisemi kwamba naongea polepole. Haitoki. Siku nilipoitwa ubaoni kufundisha wenzangu somo la majaribio, nilisimama na chaki mkononi mpaka kengele ikalia. Mkuu wa shule alimwita baba akamwambia kwamba naandika vizuri kuliko darasa zima, lakini mwalimu haandiki tu.

Baba alikuwa amekaribia kunitoa masomoni ndipo mwinjilisti wa parokia yetu alipofika nyumbani, akaegemeza baiskeli yake ukutani, akaomba niende nao. Kanisani kwetu iko desturi moja: kila anayevuka mpaka kwa kazi ya Mungu lazima atoe ushuhuda, amesimama, mbele ya kanisa analolitembelea. Hata dereva anashuhudia.

"Basi aende," baba alisema. "Akishuhudia kule, mwezi wa tisa anarudi masomoni. Akinyamaza, atabaki hapa nyumbani, tujue moja."

Nilikubali kwa kichwa.

Mpakani, askari mmoja alisoma karatasi yetu kwa muda mrefu, akaigeuza, akaisoma tena kwa nyuma ambako hapakuwa na kitu.

"Basi kama muko korali, muimbe."

Tuliimba tukiwa juu ya kamio. Kwenye kiitikio askari wa pili alitoka kibandani akaingia kwa sauti ya chini, nzuri kabisa, tukamwacha amalize peke yake. Lakini yule wa kwanza alikuwa ameniona.

"Weye haukufungua kinywa. Uko nani?"

Niliangalia viatu vyake. Nilijua jina langu, nilikuwa nalo pale mdomoni, halikutoka. Mpiga ngoma wetu, kijana wa Kiringye, mbali na ziwa, ambaye hawezi kuacha kitu kipite bila mzaha, akanijibia.

"Huyu ni wetu, shefu. Sauti yake tumeifunga mu sanduku, tunaogopa barabara itaivunja."

Askari walicheka, wakainua mti wa kizuizi. Mwinjilisti hakucheka. Aligeuka akaniangalia, na nikajua anafikiri juu ya baba. Wakati ule askari walikuwa bado wanacheka. Leo ninapoandika haya barabara ile imefungwa, vijana wa uasi wameenea uwanda wa Ruzizi mpaka milimani, na hakuna anayeombwa kuimba tena. Masomo nayo yamefungwa kwa wote, wenye sauti na wasio na sauti. Lakini sitaki kuandika hayo. Nataka kuandika juu ya kile kijiji.

Kilikuwa kijiji cha wavuvi, kusini mwa Usumbura, nyumba zimejipanga mgongo kwa mlima na uso kwa ziwa. Tulifika Alhamisi mchana. Watu wa pale hawasalimii haraka. Anakushika mikono yote miwili juu ya viwiko, anauliza amani yako, ya baba yako, ya watoto, ya ng'ombe hata kama hauna ng'ombe, na hakuachilii mpaka umalize kujibu. Kwangu ilikuwa salama, kwa sababu jibu ni neno moja, "amahoro," unalirudia tu. Wasichana wote tulipewa kulala kwa mama mmoja mnene, mjane, anayesema Kiswahili kama wa kwetu kwa sababu alizoea kuuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa, soko la Uvira. Alitupikia ugali wa muhogo na samaki mukeke wa kuchoma, akasimama mlangoni kuhakikisha tunamaliza.

Jioni, jua likiwa linashuka nyuma ya milima ya kwetu, ng'ambo, tulisimama mistari mitatu mbele ndani ya kanisa lao, blauzi nyeupe, sketi za buluu, ngoma imekazwa vizuri kwa moto. Kwenye mabenchi walikaa mabibi watatu, mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa kitambaa, na watoto. Tulingoja. Tuliimba wimbo mmoja ili watu wasikie waje. Tukangoja tena. Mwinjilisti alitembea mpaka mlangoni akatazama inje, na akabaki pale ametugeuzia mgongo. Nilisogea kidogo nikaona anachokiona. Ufukweni mitumbwi ilikuwa inasukumwa majini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na taa yake. Wanaume wote wa kijiji walikuwa wanaondoka.

"Ni giza ya mwezi," mwinjilisti alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Lazima nieleze aibu yetu ilivyokuwa. Ndagala wanavuliwa kwa taa, siku ambazo mwezi hauonekani. Uvira hakuna mtu anayeweka harusi wala kikao siku hizo, kwa sababu wanaume wako ziwani usiku kucha, na wanawake wako mchangani mchana kutwa wakianika. Mtoto wa Kimanga, mtaa wa wavuvi wa Uvira, anayajua hayo kabla ya kujua kuhesabu. Mwinjilisti mwenyewe ni mtoto wa mvuvi. Sisi wa korali, ukimtoa mpiga ngoma, wote tumezaliwa pale majini. Lakini wakati wa kupanga siku tuliangalia kalenda ya shule, tukaangalia karatasi ya mpaka, tukaangalia sketi kama zimeshonwa. Juu hakuangalia mtu.

Mama mwenyeji wetu aliingia amebeba kikapu kichwani, akielekea ufukweni.

"Si muko batu ya ziwa kama sisi?" alimuuliza mwinjilisti.

"Ni vile, mama."

"Na kule Uvira, mwezi haifi?"

"Inakufa."

"Basi mulizania hapa kwetu iko ingine?"

Mpiga ngoma akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye ngoma yake, "Mama, tuliambiwa hii ni inje ya inchi."

Mama alishusha kikapu. Alikaa kwenye benchi, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, na mabibi watatu wakamfuata, na mwinjilisti akajaribu kubaki na uso wa mkubwa akashindwa. Mpaka leo sijaona kanisa tupu lenye furaha kama lile.

"Lakini mama, kwa nini hamukutuambia?" mwinjilisti aliuliza alipopata pumzi. "Tulituma habari mapema."

"Mugeni anakutajia siku yake, utamwambia kama hapana? Kwetu hatufanyake vile." Akajitwika kikapu chake. "Mutatukuta siku ya Mungu. Jumamosi jioni hakuna mutumbwi inatoka."

Kwa hiyo tulikuwa na Ijumaa na Jumamosi, na korali nzima, na hakuna watu. Asubuhi mwinjilisti alisema kama watu hawawezi kuja kanisani, sisi tuna miguu. Tukashuka ufukweni na blauzi zetu nyeupe, kwa sababu hatukuleta zingine.

Mchanga wote ulikuwa umefunikwa ndagala, unang'aa mpaka unaumiza macho. Wanawake walikuwa wameinama wakigeuza kwa viganja, watoto wakifukuza kunguru kwa mawe. Tulipofika tukajipanga kuimba, mmoja akatusemesha kutoka mbali.

"Nyinyi ba sabuni, na nguo nyeupe vile. Mumekuja kutuimbia ao kutusaidia?"

"Yote mbili, dada," alijibu mwinjilisti, akavua viatu.

"Ile blauzi itanuka, halafu mutasema ni sisi."

"Itanuka na tutasema ni nyinyi," mpiga ngoma alisema, na tayari alikuwa amepiga magoti, anageuza ndagala vibaya sana, kama mtu anayekanda unga. Wanawake walimfukuza akapige ngoma yake.

Mimi niliinama karibu na mama mwenyeji. Kazi ile sikuhitaji kufundishwa, nyumbani tunakula kwayo. Unageuza kabla jua halijakaza upande mmoja, unakwenda mbele mstari kwa mstari, kichwa chini. Wengine waliimba, mimi niligeuza, na nilikuwa na raha. Tulienda hivyo mpaka mama akaniuliza, bila kuniangalia,

"Evanjelisti anasema kila mumoja wenu atashuhudia siku ya Mungu. Weye utasema nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Hakuna kitu Mungu alikufanyia?"

"Iko."

"Basi uniambie minye. Minye si kanisa."

Na mimi, macho kwenye ndagala, nikaanza. Nilimwambia juu ya wiki zile baada ya uhuru, waliposema askari wameasi na watu wa Uvira wakapanda mlimani na vyungu na mikeka. Nilikuwa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya mbuzi wetu. Njiani watu wakajaa, nikapotezana na wangu, nikakaa nyuma ya jiwe katikati ya watu nisiowajua. Nikamsikia mama yangu anaita jina langu, anapita, anaita, anaanza kwenda mbali, na mimi nashindwa kuitika kwa sababu ya wale watu wote. Nikaomba ndani ya moyo: Mungu, uniitikie weye, minye nashindwa.

"Na yeye, aliitikia?" mama mwenyeji aliuliza.

"Mbuzi ikalia."

Mikono yake ilisimama.

"Ikalia mara moja, kwa nguvu," nikasema. "Mama yangu anaijua sauti ya ile mbuzi. Akarudi."

Kicheko kilitokea nyuma yangu, na ndipo nikajua wanawake wote wa mistari ile walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Niliinua kichwa nikaona nyuso, na maneno yakakatika palepale.

"Angalia ndagala," mama akaniambia. "Usituangalie sisi. Na mbuzi, mulimupeleka wapi?"

Niliangalia ndagala. Nikajibu. Wakauliza mengine, nikajibu, mpaka jua likawa kali na tukaenda kukaa kivulini. Sikumbuki siku nyingine niliyosema maneno mengi kiasi kile.

Jumamosi jioni nilimuuliza mwinjilisti, kwa kumvuta mkono pembeni, kama ushuhuda wangu umehesabika. Alifikiri kweli, nilimwona anafikiri.

"Haukusimama, mwanangu. Na haikuwa kanisani. Baba yako nitamwambia nini?"

Usiku ule sikulala vizuri, na wenzangu waliolala kando yangu walilalamika kwamba nawanyang'anya blanketi.

Siku ya Mungu kanisa lilijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Wanaume walikuwa na macho mekundu ya taa na ziwa, wanawake wa mchangani walikaa mabenchi ya mbele, na sisi wa korali tulinuka ndagala kuliko wote. Mpiga ngoma alishuhudia. Dereva alishuhudia, maneno matatu. Halafu nikaitwa.

Nilisimama. Mikono haikuwa na kitu cha kufanya, nikaishika sketi. Mbele yangu palikuwa na nyuso, nyuso, mpaka mlangoni. Nilijua sauti haingetoka, na haikutoka. Mwinjilisti alishika kifundo cha mkono wake, akatazama sakafu.

Mama mwenyeji wetu alikuwa benchi la kwanza. Aliinamisha kichwa. Yule wa kando yake aliona, akainamisha, na wa nyuma yao, benchi lote, na benchi la pili, vitambaa vya vichwa vikashuka kimoja kimoja, mpaka nikabaki naangalia migongo iliyoinama kama ufukweni. Wanaume walidhani ni maombi, nao wakainama. Hata mchungaji wao alifumba macho.

Nikasema jina langu. Nikasema natoka Uvira. Nikaanza kupanda ule mlima na kamba mkononi, na sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yangu na ilikuwa inje. Nilipofika kwenye jiwe, kabla hata mama yangu hajaanza kuita, mabega ya benchi la kwanza yakaanza kutikisika. Walijua mbuzi anakuja. Walikuwa wanamngoja wamejishika midomo, na mimi kuwaona vile nikacheka mwenyewe, mbele ya kanisa, nikicheka na kusema pamoja, na nilipofika kwa mbuzi, nyuso zote zikainuka. Sikunyamaza. Niliendelea mpaka mwinjilisti akagonga saa yake kwa kidole.

Mwezi wa tisa nilirudi masomoni. Lakini kwanza, jioni ile tuliyofika nyumbani, baba alitaka asimuliwe naye, amekaa kitini, mikono magotini, kama kanisa. Nikamsimulia nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho na hakucheka.

"Na ile mbuzi," aliuliza, "uliwaambia ni mimi niliyeinunua?"