Firigisi ya Mwisho

Shemeji yangu aliponiambia kwenye simu, "Hiyo ni posa, huwezi kwenda peke yako kama yatima," ilinipasa nimjibu kwamba ni chakula cha jioni tu, nikate simu. Badala yake nikamwambia avae suti.

Binti yangu alikuwa na mchumba, kijana wa Kiingereza, na kijana huyo alitaka kunikaribisha kwenye mkahawa wa Kijapani katikati ya London unaochoma kuku kwenye vijiti. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sisi wa Thamesmead, pembezoni mwa jiji, tukisikia mkahawa wa kuku tulifikiria chipsi na sosi ndani ya boksi. Huu ulikuwa mwingine. Mlangoni hapakuwa na jina, eti wanaostahili kuujua wanaujua. Ndani mlikuwa na giza kama umeme umekatika, na watu waliweka nafasi wiki nyingi kabla ili wakae kwenye giza hilo. Tuliketi kwenye kaunta, mbele ya mpishi aliyepepea mkaa kwa uso makini kama wa daktari wa upasuaji.

"Shikamoo, Baba," kijana akasema. Alikuwa amefanya mazoezi.

"Marahaba." Nilimpenda papo hapo, ila nilikaza uso kwa ajili ya shemeji.

Shemeji mwenyewe hakualikwa. Alipoulizwa, alimweleza mhudumu kwamba yeye ni kaka wa marehemu mama wa binti, na kwetu mjomba haombi kiti. Kiti kikapatikana.

Chakula kikaja kijiti kimoja kimoja. Ngozi ya kuku. Gegedu la goti. Kisha mkia, peke yake kwenye sahani kubwa kama sinia. Kila kijiti kilikuja na hotuba: kuku kalelewa wapi, kala nini, alikuwa na tabia gani.

"Kuku huyu kalelewa vizuri kuliko wewe, shemeji," mjomba mtu akaninong'oneza. "Sasa nyama yake iko wapi?"

Nikacheka, binti yangu naye akacheka. Mpaka hapo ilikuwa jioni njema.

Ndipo ikaja firigisi. Kijiti kimoja tu, cha mwisho kilichobaki, mhudumu akaomba radhi. Kijana akakisogeza mbele ya binti yangu. "Hiki anakipenda sana," akasema.

Shemeji akanikanyaga mguu. "Umeona? Firigisi anapewa mtoto wa kike, na baba mtu umekaa hapa! Unaozesha au unazikwa?"

Kwetu firigisi ni ya baba. Mgeni anayekuja kuoa huielekeza kwake kwa mikono miwili. Nikamweleza kijana hivyo kwa Kiingereza, kwa sauti ya hakimu, na kumwambia posa yake imeharibika. Aje upya nyumbani, na wazee wake. Masikio yakamwiva. Akasema hana wazee, baba yake alikwisha kufa.

Binti yangu akaweka mkono begani kwake. "Dad, lakini wewe ndiye ulinizoesha. Tangu mama afariki, kila Jumapili ulikuwa unanipa mimi. Mwambie Anko."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunakula jikoni, wawili tu, naikata katikati kisha nampa vipande vyote viwili. Lakini shemeji alikuwa ananitazama, na nilijua kabla ya Jumapili ukoo mzima, kutoka Thamesmead mpaka Mwanza, ungekuwa umesikia kwamba nyumbani kwangu mtoto ndiye baba.

"Sijawahi," nikasema. "Nyumba yangu ina adabu."

Binti yangu alinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Akaiweka sahani mbele yangu kwa mikono miwili, akachukua koti lake. Kijana akanipa pole, akamfuata.

"Watarudi na wazee, utaona," shemeji akasema. Kisha, kwa kuwa firigisi ilikuwa imeshaanza kupoa, tukaila. Akasema imezidi chumvi.

Hawakurudi. Walioana mwaka uliofuata, na nilisikia kwa watu. Nilimwomba binti yangu radhi baadaye. Akanijibu kwa upole kwamba amenisamehe, lakini nyumbani kwangu hajakanyaga tena, wala hajanikaribisha kwake. Wana watoto wawili, safari ya treni moja tu kutoka hapa. Sijawahi kuwaona. Nilikuwa na mtoto mmoja, na nilimpoteza ili shemeji yangu asinicheke.