Jiwe la Kuanikia Kimea

Hapana, halikuwahi kulia hata siku moja. Najua ndicho mnachotaka kuuliza, kila mgeni anaanzia hapo. Mimi nimekulia juu ya jiwe lile, kule karibu na Kalenga, na sauti niliyoisikia ni ya bibi yangu akifukuza kuku. Harufu ndiyo lilikuwa nayo. Harufu ya kimea, ule ulezi uliolowekwa ukaota vimizizi, ukatandazwa kwenye jiwe lililoshiba jua. Mpaka leo ikinipita puani nasikia njaa ya utotoni.

Mwaka ule babu alifariki, bibi akawa anaandaa pombe ya kumaliza msiba. Ndugu wa Mbeya walishatuma salamu kwamba Jumamosi wanafika. Bila pombe msiba hauishi, marehemu anabaki amesimama mlangoni, sisi tuliamini hivyo. Kimea kimeshaota, kinadai jua. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akalizungushia jiwe kamba.

Alikuwa anaongelea puani, kama mbuzi mwenye mafua. "Wa-na-nchiii. Anakuja mgeni kutoka mjini anatafuta maajabu. Jiwe letu litaingia kwenye maajabu ya dunia. Kuanzia leo marufuku kuanika." Mtu akauliza, ajabu yake nini? Akakohoa kwanza. "Linalia. Chifu akikaribia kufa, linalia." Jioni ile ile watu wazima walioanika pale maisha yao yote wakaanza kukumbuka walivyolisikia. Ajabu inazaliwa hivyo, msidanganywe: kamba kwanza, masikio baadaye. Na kimea chetu kwenye tenga kikaanza kunuka uchachu.

Siku hizi wajukuu wananipeleka Iringa mjini, kuna jiwe lina kibao, wanapiga picha wametoa ndimi. "Bibi, cheka kidogo." Nacheka, upepo wa kule juu mtamu. La kwetu halina kibao. Lakini nikienda kijijini nalipapasa, nasema asante. Lilitulisha, likamtoa babu yangu mlangoni. Wanasema kizuri chajiuza. Lile hata kujiuza halikutaka.

Maana mgeni alikuja kweli, viatu vinang'aa. Mwenyekiti akiwa katikati ya kumsimulia kilio cha jiwe, kijiji kizima kimekusanyika, bibi akainama, akapita chini ya kamba na tenga lake, akaanza kutandaza. Mwenyekiti akamnong'oneza ameuma meno, "Mama, nakuomba, sema linalia." Mgeni akapanda mpaka pale alipo bibi, akamsalimia kwa Kihehe na kuuliza kwa sauti laini ya mtu aliyezoea kupewa kiti, "Kamwene, mama. Hili jiwe linafanya nini hasa?" Bibi hakuinua hata kichwa.

"Linakausha kimea. Sogeza mguu, umekikanyaga."