Neno la Mstari wa Mwisho

Dada yangu alifika kazini kwangu Musoma saa nne na dakika ishirini asubuhi. Naijua saa kwa sababu nilikuwa mtunza ghala la pamba, na kila aliyepita mlangoni nilimwandika. Alitoka Butiama na basi la kwanza, barua ameifunga kwenye pindo la kanga. Akaiweka juu ya mizani, akaniambia niisome vizuri, maana alikuwa na siku kumi na nne tu za kulipa.

Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa taipu. Kampuni moja ya Mwanza ilisema mashine za kusaga zimefika, bei shilingi 185,000, na malipo yapokelewe na wakala wao, mfanyabiashara wa Bunda. Dada alikuwa mjane. Ng'ombe wa marehemu alishauza karibu wote ili apate mashine, kwani wanawake wa kijijini kwake walibeba mtama na mihogo mikavu mwendo wa saa mbili kwenda kusaga. Aliniuliza jambo moja: mashine ipo au haipo?

Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na daftari nililoligawa kwa mstari. Kushoto niliandika maneno ya ofisini, kulia ya mtaani. Kwa neno "kuanza", "commence" lilikaa kushoto na "start" kulia. "Begin" nililiandika juu ya mstari wenyewe, kwa penseli, kwa kuwa sikuwa na hakika nalo. Bosi wangu aliwahi kunirudishia ripoti yenye "start", akasema hatuko gulioni. Sikulisahau hilo.

Sasa barua hii juu ilisema mauzo yata-"commence" mwezi ujao, na mstari wa mwisho ukasema wateja wanaweza ku-"start" kulipa leo. Niliurudia mara tatu. Nikaona wazi kwamba aliyeandika juu siye aliyeandika chini, na huyu wa chini anataka fedha. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni na kununua sukari kwa kujuana. Ghafla maduka yalijaa, nasi tuliozoea rafu tupu tulijiuliza vitu hivyo vimetoka wapi.

Jumamosi nilikwenda Bunda. Wakala alikuwa akipima misumari. Nikaomba kuiona mashine, akasema ziko Mwanza, zinasubiri lori. Nikamwonyesha yale maneno mawili. Akamwita fundi cherehani wa jirani aje asikie.

"Njoo, mwalimu amekuja kusahihisha barua," alisema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mimi nauza mashine. Kiingereza wanauza shuleni."

Fundi alicheka hadi akavua miwani. Wakala akaongeza kwamba bei ile ni ya mzigo ule tu, shilingi inashuka, tusikawie. Hilo ndilo lililonimaliza. Anayekuharakisha, nilijiambia, ana sababu. Nikamwambia dada asubiri, nikawaandikia wenye kampuni kuuliza, kila kitenzi nimekipima.

Jibu lilikuja siku ya ishirini na tatu. Mashine zilikuwepo, zimekwisha. Mzigo unaofuata ni shilingi 227,500. Na chini kabisa, "start" lilelile.

Nilirudi Bunda kuuliza. Wakala hakunicheka tena. Alinieleza kwamba karani huchukua barua ya zamani kwenye faili, akanakili, akabadilisha bei na tarehe. Mstari wa mwisho huongezwa na mwenye kampuni mwenyewe. Ni mzee aliyeishia darasa la nne, anasema anavyosema, na karani hathubutu kumgusa neno. Kwa hiyo waandishi walikuwa wawili kweli, na wote wawili wakweli. Nami nilikuwa nimenakili ripoti za ghala kutoka kwenye faili hivyo hivyo kwa miaka tisa.

Dada alikuja nyumbani kwangu Kitaji. Nilimweleza yote kwa mpangilio, hata nikamfungulia daftari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," alisema, "nilikuuliza kama mashine ipo. Hukuwa unajua. Zamani ulikuwaga unasema sijui, ukishindwa. Ungesema hivyo, ningepanda basi nikaangalie kwa macho."

Nililifunga daftari. Aliuza ng'ombe waliobaki, pamoja na yule wa maziwa, akalipa mashine ya mzigo wa pili. Inasaga mpaka leo, na mtama wangu hanitozi. Lakini barua zake anapeleka Bunda, asomewe na yule wakala.

Daftari bado ninalo. "Begin" bado liko juu ya mstari, kwa penseli. Pembeni yake niliandika, kwa wino, tofauti ya bei ya kwanza na ya pili, ambayo aliilipa dada: shilingi 42,500.