Kocha anayefunga watoto matumbo

Leo nimekuta mabinti wa jimnastiki wamefungwa matumbo kama wanawake waliojifungua jana.

Ni hapa hapa Kasongo. Kocha wao, bwana mwenye filimbi mbili shingoni, amemkazia kila mtoto kitenge kiunoni. Eti kiwiliwili kiwe imara. Dawa ya mama aliyejifungua anampa mtoto wa miaka tisa.

Mpwa wangu Riziki akasimama kwa mguu mmoja, akazungusha utepe, akaanguka. Akarudia, akaanguka tena.

"Wewe, mashindano ya Jumamosi hauchezi," kocha akamwambia.

Mtoto akanigeukia. "Tantine, sipati pumuzi."

Nikakifungua kile kitenge.

"Mama, acha. Ile kitenge njo inashika tumbo," kocha akadakia.

"Tumbo hukazwa na kazi, bwana. Ukilifunga, linalala."

Riziki akavuta pumzi, akakaza tumbo mwenyewe, akainua mguu. Utepe ukazunguka mpaka mwisho. Hakutikisika.

Mnajua kocha alisema nini?

"Munaona? Kitenge imemusaidia. Jumamosi atacheza."

Wazazi wenzangu, kakagueni matumbo ya watoto wenu, kisha mniambie mmekuta nini.

Kitenge cha Riziki ninacho mimi. Nimeshaona mdomo wa kukifungia.